Kitabu cha Nyuki Hakipo

Siku yangu ya mwisho pale shuleni niliipanga rafu ya historia mara tatu, ingawa ilikuwa imepangika tangu jana yake. Mikono ilitaka kazi. Nilipanga, nikapangua, nikaenda dirishani, nikarudi mezani, nikakifungua kibweta cha wino wa mhuri na kukifunga tena. Gari la baba lingekuja kunichukua saa tisa alasiri. Saa saba ilikuwa imeshapita, na mtu niliyekuwa nangoja aseme neno alikaa hatua nne kutoka kwangu, akisahihisha madaftari ya jiografia kana kwamba mimi ni kabati.

Niseme ukweli mapema ili tusisumbuane: nilikuwa nimempenda. Na nilikuwa nimemkasirikia kiasi kwamba angeniomba kalamu ningemrushia.

Jina langu Hanifa binti Mansuri, wa Singida mjini, na mwaka ule wa tisini na tatu nilikuwa nasomea ukutubi Bagamoyo. Chuo kilinituma wiki nane za mafunzo kwa vitendo katika maktaba ya Sekondari ya Mawemawili, ng'ambo ya Misigiri, mahali ambapo upepo wa Agosti huingia hata kwenye sukari. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya zamani iliyopakwa chokaa, yenye vitabu elfu moja na ushee na popo darini. Aliyeisimamia alikuwa Mwalimu Antipasi Ntandu, mtu wa Ikungi, mwalimu wa jiografia. Alipewa funguo kwa sababu walimu wengine wote walizikataa.

Nilimpenda wiki ya pili, Jumamosi, na naweza kusema hata saa. Mlangoni mwa maktaba alikuwa amebandika karatasi yenye mwandiko wake mbaya: KITABU USIPOKIRUDISHA, NITAKIFUATA. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Chuoni tulifundishwa kutuma barua za ukumbusho, ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu. Yeye hakuwa na barua. Alikuwa na baiskeli aina ya Phoenix. Jumamosi ile alimfuata mwanafunzi mmoja aliyekaa na kitabu miezi minne, akarudi jioni vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, kitabu kakiweka ndani ya shati, na kuku kamfunga kwenye keria.

"Na huyo kuku naye ni wa maktaba?" nilimuuliza.

"Bibi yake yule kijana kagoma niondoke mikono mitupu. Kitabu alikuwa amekifunga kwenye khanga, amekilaza sandukuni na nguo zake za kanisani."

"Kwa nini hakukirudisha?"

"Alidhani kitabu kikirudi shuleni, mjukuu ataambiwa shule imekwisha."

Alilisema hilo bila kumcheka yule bibi. Nikamtazama zile kope zenye vumbi, na moyo wangu ukaenda. Nikajiambia, mtu anayekifuata kitabu kilomita zote hizo kwa baiskeli, akipenda mtu atamfuata mpaka wapi?

Basi hilo ndilo lililoniuma. Wiki ya tatu, ya nne na ya tano tulikuwa tunaongea mpaka kengele ya chakula inatupita. Alikuwa akiazima vitabu kila siku ya pili, na kila akiazima anakaa mezani kwangu nusu saa kuchagua. Wiki ya sita akaenda kwao Ikungi kwenye mazishi ya baba yake mdogo, siku nne. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Salamu, basi. "Umeamkaje, Hanifa," na macho kwenye daftari. Wakati mwingine nikigeuka ghafla namkuta ananitazama kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Nikimtazama na mimi, anainama.

Na nyumbani mambo yalikuwa hayangoji. Mama aliniandikia kwamba Ijumaa wazee wa Rahimu wanakuja. Rahimu ni mtoto wa rafiki yake baba. Siku zile za ruksa, serikali ilipoachia biashara, kila mwenye akili mjini alifungua kitu, na kina Rahimu walifungua kinu cha kukamulia alizeti, wakanunua na Fuso. Rahimu hana ubaya wowote. Ni mpole, anaswali, anampenda mamaye. Ningepata sababu moja tu ya kumchukia ningepumua. Siku yenyewe ninayoisimulia ilikuwa Jumatano. Mtu asiponena Jumatano, Ijumaa ningekuwa na mchumba.

Nikaacha rafu ya historia.

"Mwalimu."

"Naam."

"Hizi funguo nimwachie nani?"

"Ziweke tu hapo mezani."

Nikaziweka. Niseme nilizitupa. Madaftari yaliruka.

"Gari linakuja saa ngapi?" akauliza, kalamu nyekundu bado mkononi.

"Saa tisa."

"Anakuja Rahimu?"

Nilikuwa nimemtajia Rahimu mara moja, wiki ya nne, kwa mzaha, nipate kuona uso wake utafanya nini. Sikujua kama alilishika jina.

"Anakuja Paskali, dereva wa duka la baba. Rahimu si dereva wetu."

"Bado."

"Bado nini?"

"Hamna. Samahani."

"Mwalimu Ntandu, bado nini?"

Akaweka kalamu chini. Akasimama, akaenda mpaka dirishani nilikotoka mimi, akarudi. Nikaona kumbe na yeye hatulii. Sikujua kama nifurahi au niogope.

"Hanifa, huko mjini kwenu mtu akiulizwa jambo la maana, asijibu, ndiyo ustaarabu?"

"Nani kaulizwa?"

"Basi, yaishe."

"Usiniambie yaishe! Mimi si mwanafunzi wako wa kidato cha pili. Nani kaulizwa, na kaulizwa nini?"

"Wiki mbili na siku tatu nimekaa nangoja," alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, yeye ambaye hata darasani hapandishi sauti. "Kila asubuhi nasema leo atajibu. Ungesema hapana, Hanifa. Neno hapana nalijua, si geni kwangu. Lakini kuchukua barua ya mtu, ukaisoma, ukaendelea kupanga vitabu na kuniuliza habari za popo!"

"Barua gani?"

Akanitazama.

"Barua gani, Antipasi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake tupu. Hakuna kati yetu aliyelitazama hilo, maana kulikuwa na kubwa zaidi. Alinyoosha mkono, akaonyesha rafu ya chini kabisa, ukutani, kule vinakokaa vitabu vya kilimo na mifugo.

"Niliiweka kwenye kitabu cha nyuki," alisema polepole. "Usiku wa kuamkia safari ya Ikungi nilikuwa nimeiandika, na nyumbani sikuweza kuiacha. Unamjua Damiani ninayekaa naye. Anafungua hata barua za mama yake mtu. Nikasema niiache hapa, nikirudi nitakupa mkononi, nikiwa na moyo. Niliporudi nikainama pale, kitabu cha nyuki hakipo. Funguo za chumba hiki ni mbili, wangu na wako. Nikajua umekiona, umeichukua."

"Kwa nini cha nyuki?"

"Kwa sababu tangu mwaka sabini na nne hakuna mtu aliyekiazima! Nilitazama karatasi ya tarehe. Nikasema hapa ni salama kuliko benki, hakuna mkono utakaokigusa."

Nilikaa chini. Si kwenye kiti, kiti kilikuwa mbali. Nilikaa kwenye boksi la chaki.

Maana nilikuwa najua kitabu cha nyuki kilikokwenda.

Alipokuwa Ikungi, Mwalimu Mkuu Hosea alikuja maktaba akasema kuna vitabu vya msaada vinakuja kutoka nje, makasha mawili, na nafasi hakuna. Akaniuliza kama chuoni tumefundishwa la kufanya. Tumefundishwa! Nilijikweza kwelikweli. Unapitia rafu moja moja, unavichambua vitabu kama mtu achambuavyo choroko. Kilichochakaa, kilichopitwa, na ambacho kwa miaka kumi hakikuazimwa na mtu, unakigonga mhuri wa KIMEONDOLEWA, unakiandika kwenye daftari, kinatoka. Nilifanya kazi siku mbili bila kula vizuri. Nilitaka arudi kutoka mazishini akute rafu zinapumua, aseme, "Hanifa, umefanya nini humu!" Kwa ajili yake. Nilikuwa nafanya kwa ajili yake, naye aliporudi hakuuliza hata vitabu vingine vimekwenda wapi.

"Nilikiondoa," nikasema.

"Ulikiondoa kivipi?"

"Kitabu ambacho hakifunguliwi na mtu ndicho cha kwanza kuondolewa. Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Ya ukutubi! Mtihani wangu wa mwaka wa kwanza nilipata themanini na moja kwenye hiyo kanuni!"

Akasema, kama mtu anayefanya hesabu ubaoni, "Mimi nimetafuta kitabu ambacho hakuna mtu atakigusa."

"Na mimi nimesomeshwa miaka miwili kukitafuta hichohicho nikitoe."

Alicheka. Hakutaka, lakini alicheka, akajifuta uso kwa kiganja. Mimi sikuweza kucheka kwa sababu alikuwa hajajua nusu ya pili.

"Chuoni wanasema kabla hujakitoa kitabu, kipukute kurasa, kilichofichwa kidondoke," nikasema. "Vya mwanzo nilivipukuta. Kisha Paskali akaja kuniletea unga na nguo alizonitumia mama, akawa anapiga honi pale uwanjani, ana haraka. Mwalimu Mkuu akasema na maboksi yapakiwe hukohuko. Vya mwisho nilivitia tu."

"Yapakiwe kwenda wapi?"

Nilifungua daftari la vitabu vilivyoondolewa badala ya kujibu. Namba thelathini na saba, ufugaji wa nyuki, mwandiko wangu mzuri kabisa. Akasimama nyuma yangu kusoma. Nilisikia pumzi yake juu ya mtandio wangu, na hata katika hofu ile nilitamani asiondoke.

"Hanifa. Kwenda wapi?"

"Dukani kwa baba."

"Kufanya nini?"

"Kufungia binzari."

Popo mmoja alijigeuza darini. Mifuko ya plastiki ilikuwa imeanza kuingia Singida, lakini baba aliiona ni uharibifu. Dukani kwetu kila kitu kilifungwa kwenye karatasi: binzari, karafuu, misumari ya inchi mbili. Shule ikampa maboksi mawili ya karatasi, na yeye akailetea shule chaki. Mchanaji wa karatasi hizo ni shangazi yangu Hajira, na shangazi Hajira hachani karatasi kabla hajaisoma. Husoma hata matangazo ya mnada wa mwaka jana.

"Uliandika jina?" nikamuuliza.

"Juu ya bahasha niliandika Hanifa."

"Na ndani?"

"Ndani niliandika yote."

"Yote yapi?"

"Yote."

"Niambie."

"Sasa hivi?"

"Gari linakuja saa tisa!"

Alirudi kule kwenye kiti chake, akakishika mgongoni kwa mikono miwili kama mtu aliye mbele ya kamati. Mtu huyu anaweza kueleza Bonde la Ufa dakika arobaini bila kusita, lakini hapo alianza mara mbili akakwama.

"Niliandika kwamba najua mimi ni Mkatoliki wa Ikungi na wewe ni binti Mansuri. Kwamba baba yangu ana ng'ombe kumi na wawili na hana duka. Kwamba sikuahidi gari wala nyumba ya mjini, maana sina. Niliandika kwamba kama utakubali, nitakwenda kwa mzee wako. Nikikataliwa nitarudi nyumbani, nitakaa mwezi, nitakwenda tena."

"Halafu?"

"Halafu niliandika kwamba tangu uje nimeazima vitabu kumi na saba na sijasoma hata kimoja."

Hapo nililia. Nilikuwa nimezigonga kadi zote kumi na saba kwa mkono wangu, nikidhani jiografia inamtaka mtu asome sana.

"Ningejibu siku ileile," nikasema. "Ningekukimbilia kwenye kituo cha basi hujashusha hata begi. Wiki mbili hizi nimekonda, mama ataniuliza naumwa nini."

"Ungejibu nini?"

"Antipasi, wewe ni mwalimu au ni nani? Ndiyo! Ningejibu ndiyo!"

Alikuja hatua mbili kati ya zile nne. Hakuja zote, maana mlango ulikuwa wazi na kidato cha kwanza walikuwa wanafagia uwanja. Tulisimama vile tukitazamana, mimi na machozi, yeye na wino mwekundu vidoleni, na sidhani kama katika maisha yangu nimewahi kuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja namna ile.

Honi ikalia.

Ilikuwa saa saba na nusu, si saa tisa. Nikachungulia dirishani. Ile pikapu nyeupe ilikuwa imesimama karibu na mlingoti wa bendera, Paskali kwenye usukani. Upande wa pili mlango ukafunguka, ikatangulia fimbo, kisha kanzu, kisha baba yangu mwenyewe. Baba, ambaye tangu aanguke kwenye lori akavunjika mguu haachi duka siku ya kazi hata kwa harusi. Kwapani ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Ni mzee?" Antipasi aliuliza.

"Ni mzee."

"Toka kwa mlango wa nyuma ukanawe uso."

"Hakuna mlango wa nyuma. Wewe ndiye msimamizi, hujui?"

Baba aliingia taratibu, lakini kwanza alisimama mlangoni akaisoma ile karatasi, midomo ikichezacheza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Shikamoo mzee," akasema Antipasi.

Marahaba ya pili ilichelewa. Ilikuja, lakini ilichelewa. Baba alikaa kwenye kiti cha Antipasi bila kukaribishwa, akanyoosha mguu mbovu, akailaza fimbo juu ya madaftari ya jiografia.

"Pale mlangoni nani kaandika?"

"Mimi, mzee."

"Na unafuata kweli, au ni kutisha watoto?"

"Nafuata."

"Mbali zaidi umefika wapi?"

"Kintinku, mzee. Mwaka juzi. Nilidandia lori la mahindi."

"Mpaka Kintinku! Kwa kitabu gani?"

"Cha hesabu."

Baba alitikisa kichwa, sikujua ni kwa kusifu au kwa kusikitika. Akafungua lile gazeti. Kitabu cha nyuki kilitoka bila jalada la mbele, kikianzia katikati ya habari za moshi na mizinga, na harufu ya binzari ikajaa chumba kizima.

"Dada yangu Hajira kawafungia watu kurasa ishirini na mbili," alisema. "Alipofika ya ishirini na tatu akakuta hii." Akaiweka mezani bahasha iliyochanwa, jina langu juu yake. "Akaisoma. Kwa sauti. Dukani, mbele ya mteja wa misumari. Mteja naye akakataa kuondoka mpaka imalizike."

Nilitamani ardhi inimeze. Antipasi hakuinamisha kichwa. Nilimpendea na hilo.

"Siku tisa ninayo," baba akaendelea. "Nimeisoma mara nne. Kwa mwandiko huo, mwalimu, watoto wa watu wanasoma nini ubaoni?"

"Wanalalamika, mzee."

"Wana haki." Kisha sauti ikabadilika. "Nina binti mmoja. Kwetu binti wa mtu haandikiwi karatasi ikafichwa kama chupa ya gongo. Baba yake anafuatwa. Wewe kwa kitabu cha hesabu umefika Kintinku. Dukani kwangu, barabara ya lami, umeshindwa?"

"Sikushindwa, mzee. Nilitaka kwanza nijue kama yeye mwenyewe anataka. Ningekuja kwako kabla ya kumuuliza, ungemuuliza wewe, naye angejibu kwa kukuogopa."

Baba alichukua kile kitabu, akafunua ukurasa mmoja, akaufunga.

"Na dini?"

"Hilo sina jibu la kukupa leo, mzee."

"Afadhali. Ungekuwa nalo la haraka ningekuchapa hii fimbo." Akanigeukia. "Na wewe. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, baba. Nimejua leo hii, sasa hivi. Kitabu nilikiondoa mimi."

"Bila kukifungua."

"Bila kukifungua."

"Miaka miwili ya Bagamoyo," akasema, akimwambia Paskali aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anatazama popo. Kisha akarudi kwangu. "Sasa umejua. Unasemaje?"

Kwetu msichana akiulizwa hilo mbele ya baba yake hunyamaza. Anainama, anachezea ncha ya mtandio, na watu wanasema kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Bibi yangu alinyamaza, mama alinyamaza. Nami niliinama, na ncha ya mtandio ilikuwa tayari kidoleni. Lakini nikazikumbuka wiki mbili na siku tatu, yeye kanyamaza upande ule na mimi huku, na kila mmoja akausoma ukimya wa mwenzake visivyo. Nikainua uso.

"Nampenda, baba."

Paskali alikohoa. Baba alifumba macho, na yalipofumbuka yalikuwa na maji kidogo, ingawa angeweza kusema ni binzari.

"Ulikuwa hivihivi tangu mdogo," akasema. "Hutulii, hunyamazi." Akagonga kitabu kwa kidole. "Hiki kinaazimwa?"

Sikuelewa. "Kimeshaondolewa, baba. Kina mhuri."

"Aliyekiondoa hawezi kukirudisha?"

Antipasi alielewa kabla yangu. Alichukua kalamu nyekundu, akaupiga mstari ule mhuri wangu wa KIMEONDOLEWA ndani ya jalada la nyuma, akatia saini pembeni. Mimi nikaandika kadi mpya, maana ile ya zamani niliitupa. Baba akaivuta, akaandika jina lake kwa herufi kubwa za dukani, MANSURI MSELEMU.

"Muda wake siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Sawa. Sasa mnisikilize wote wawili, maana mguu huu umenifikisha hapa mara moja na hautanifikisha ya pili. Mimi hiki kitabu sikirudishi. Siku zikiisha, mwalimu akifuate, kama alivyoandika mlangoni. Asije peke yake, aje na wazee wake wa Ikungi. Barua aandike upya, nje aweke jina langu, na mwandiko amtafute mtu amwandikie. Wazee wa Rahimu walitaka kuja keshokutwa. Nimewaambia wangoje, nina kitabu sijakimaliza."

"Baba..."

"Sijasema ndiyo! Asitoke mtu hapa akasema Mansuri kasema ndiyo. Naweza kukataa, na kuna mambo makubwa ya kuzungumzwa, na hayo ni ya wazee. Lakini nikikataa nitamkataa mtu aliyekaa jamvini kwangu ninamwona macho. Sikatai karatasi yenye binzari." Akashika fimbo. "Gonga mhuri wako, twende. Shangazi yako yuko peke yake dukani na boksi la pili."

Nikauchukua mhuri wa tarehe. Ule mhuri una vigurudumu vidogo vya mpira, na kila asubuhi kwa wiki nane nilikuwa navizungusha bila kufikiri. Jumatano ile ilikuwa tarehe kumi na nane Agosti. Siku kumi na nne ni tarehe mosi Septemba, hesabu hiyo anaijua hata mtoto. Nilianza kuzungusha kuelekea Septemba. Nikamwona Antipasi ananitazama mikono. Nikafikiria usiku kumi na nne chumbani kwangu mjini, shangazi Hajira akinisomea ile barua kwa kichwa, na mimi nikienda dirishani na kurudi, dirishani na kurudi.

Kidole changu kiliacha Septemba. Kikarudi nyuma. Niligonga kwa nguvu mpaka meza ikalia: 25 AGO 1993.

Antipasi aliona. Aliubana mdomo asicheke, akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Baba alikivuta kitabu, akakisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wasiotaka kukiri kwamba wanahitaji miwani, akaisoma ile tarehe. Akatazama kalenda ya ukutani. Akanitazama mimi.

"Saba," alisema.

Sikujibu. Safari hii nilinyamaza, na kila mtu mle chumbani alijua maana yake.

Akakitia kitabu kwapani, akaelekea mlangoni, fimbo ikigonga sakafu. "Kurasa ishirini na mbili kachana Hajira," alimwambia Paskali wakitoka, "na hizo zilizobaki, hawa hata nafasi ya kuzimaliza hawanipi."